Pomboo wa Kizimkazi: Mapumziko Yetu na Mapumziko Yao

Kila msimu wa Idi unapokaribia, sisi tulio katika kamati za misikiti hupokea swali la namna moja kutoka kwa wazazi na walimu wa madrasa: watoto tuwapeleke wapi mwaka huu? Wako wanaotaka ufukwe, wako wanaotaka mbuga, na wako wengi, hasa wenyeji wa Unguja na jamaa zao wanaovuka kutoka Bara, wanaotaja Kizimkazi kwenda kuwaona pomboo. Ni ombi jema. Mtoto aliyemwona pomboo akiibuka majini na kuvuta pumzi hujifunza kwa dakika moja jambo ambalo kitabu kingemweleza kwa kurasa nyingi.

Hata hivyo, safari hiyo ina upande wa pili ambao ni familia chache huuliza habari zake. Sisi tunakwenda kupumzika. Je, yule tunayekwenda kumtazama naye anapumzika? Swali hili halikutokana na huruma peke yake. Limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali, na sehemu ya utafiti huo imefanyika hapa hapa petu, katika maji ya Kizimkazi, wataalamu wa Zanzibar wakiwemo. Matokeo yake yanastahili kujulikana na kila baba na mama anayekusudia kupanda boti na wanawe.

Kutoka chambo hadi mtaji

Kizimkazi iko kusini mwa kisiwa cha Unguja, na ina vijiji viwili vinavyotazamana na bahari, Dimbani na Mkunguni. Wasomaji wetu wengi wanaujua msikiti wa kale wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Basi hapa ni mahali ambapo watu wameishi na bahari kwa muda mrefu mno, wakivua, wakisafiri na kuzisoma pepo za Kaskazi na Kusi kama mtu asomavyo barua.

Kwa wavuvi wa zamani wa eneo hilo, pomboo hakuwa kivutio cha kutazamwa. Aliwindwa, na nyama yake ikatumika kuwa chambo cha kuvulia papa. Mapema katika miaka ya 1990 wageni walianza kufika wakitaka kupelekwa baharini kuwaona pomboo wakiwa hai, na polepole hesabu ikabadilika. Pomboo aliyeuawa alimfaa mvuvi kwa siku moja. Pomboo aliye hai aliweza kumfaa leo, kesho na mwaka ujao. Uwindaji ulikoma mwaka 1996, na mwaka uliofuata, 1997, Ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 470.

Ni wajibu kuyasema haya mwanzo kabla ya kusema mengine. Matembezi ya pomboo yameleta riziki kwa manahodha, wapishi, wenye nyumba za wageni na vijana wanaowatembeza watu, na yameondoa chusa majini. Mwandishi atakayesimama mjini akasema safari hizi zipigwe marufuku atakuwa amewadhulumu watu wa Kizimkazi, na huenda akawadhulumu na pomboo wenyewe, kwa kuwa mnyama asiyekuwa na faida akiwa hai hukosa mtetezi. Tunachotaka kujua ni jambo jingine: safari hizi zifanywe vipi ili mtaji usiliwe pamoja na faida?

Ni wachache kuliko tunavyodhani

Katika maji ya kusini mwa Unguja wanaonekana zaidi pomboo wa aina mbili. Aina ya kwanza ni wale wenye mdomo mfano wa shingo ya chupa, ambao ndio wageni wengi hupelekwa kuwaona. Aina ya pili ni wale wenye nundu mgongoni, ambao ni wachache zaidi na wenye haya zaidi.

Watafiti walijuaje idadi yao, ilhali pomboo wote machoni mwetu wanafanana? Walitumia pezi la mgongoni. Pomboo wengi waliokwisha kukua huwa na alama katika mapezi yao: mkato mdogo hapa, kovu pale, ncha iliyopinda kule. Alama hizo hazifutiki upesi, na kwa hiyo picha ya pezi humtambulisha mwenyewe kama alama za vidole zinavyomtambulisha binadamu. Watafiti walipiga picha msimu baada ya msimu, wakazilinganisha, wakaona ni nani anarudi na ni nani mgeni. Kwa njia hiyo, katika miaka ya 1999 hadi 2002, walikadiria kwamba pomboo wenye mdomo wa chupa katika eneo walilolichunguza walikuwa kati ya 136 na 179, na wale wenye nundu walikuwa kati ya 58 na 65.

Tuzitafakari namba hizo. Aina zote mbili zikijumlishwa hazifiki wanafunzi 250. Shule nyingi za msingi za mijini zina watoto wengi zaidi ya hao katika madarasa mawili au matatu tu. Tunapopanda boti kwenda kuwaona, tunakwenda kuutembelea mji mdogo wenye wakazi wanaojuana.

Tena ni wanyama wasioongezeka upesi. Pomboo si samaki. Ana damu moto, anavuta hewa kama sisi na ananyonyesha. Mimba yake huchukua takriban mwaka mmoja, na mama huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hunyonya kwa zaidi ya mwaka, kisha huendelea kumfuata mama yake kwa miaka kadhaa akijifunza kuvua na kujihifadhi. Mama akipoteza mtoto mmoja, amepoteza kazi ya miaka.

Na usingizi wake ni wa ajabu. Kwa kuwa lazima aibuke juu kuvuta hewa, pomboo hawezi kulala fofofo kama alalavyo binadamu. Hupumzisha nusu ya ubongo, nusu nyingine ikabaki macho, kisha zikapokezana. Kundi linalopumzika huonekana likienda taratibu, wote karibu karibu, wakizama na kuibuka pamoja bila haraka. Kwa mtu asiyejua, kundi hilo ni pomboo wanaotembea tu. Kwa anayejua, hiyo ni nyumba iliyolala.

Namna ya kuuliza swali

Mtu anaweza kusema: hapana haja ya utafiti, tazama tu kama pomboo wanakimbia boti au hawakimbii. Jambo si jepesi kiasi hicho. Kwanza, boti huenda pale pomboo walipo, na kwa hiyo kuwakuta pamoja hakuthibitishi kwamba pomboo wameridhika. Pili, mtafiti naye amekuja kwa boti, na huenda yeye mwenyewe ndiye anayebadilisha anachokitazama. Tatu, pomboo hubadili shughuli zao kila siku hata pasipo mtu: asubuhi wanakula, baadaye wanacheza, kisha wanapumzika. Ni lazima mtafiti ajue desturi yao kabla ya kusema kwamba desturi imevurugwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Fredrik Christiansen, David Lusseau, Eva Stensland na Per Berggren ulilikabili tatizo hili kwa subira. Watafiti walikaa katika boti yao wenyewe, isiyokuwa na uhusiano na boti za watalii. Walilifuata kundi la pomboo na kuandika, mara kwa mara kwa vipindi vilivyopangwa, kundi linafanya nini: linapumzika, linakula, linasafiri au linashirikiana na kucheza. Waliandika hivyo wakati hakuna boti ya watalii karibu, na waliandika hivyo wakati boti zipo. Kwa njia hiyo boti ya watafiti ilikuwepo katika hali zote mbili, na tofauti yoyote iliyoonekana ilitokana na kuja kwa boti za watalii.

Baada ya hapo walitumia hesabu zinazoitwa minyororo ya Markov, kwa jina la mwanahisabati wa Kirusi. Jina linatisha, lakini maana yake ni nyepesi. Huulizi tu, "Pomboo walipumzika muda gani?" Unauliza, "Kundi likiwa limepumzika sasa hivi, kuna uwezekano gani kwamba kipindi kijacho litakuwa bado limepumzika, au limeanza kusafiri?" Kila jibu ni kiungo kimoja cha mnyororo. Ukivilinganisha viungo vya wakati wa utulivu na viungo vya wakati wa boti, unaona mnyororo umekatika wapi.

Yaliyoonekana

Mnyororo ulikatika katika mapumziko na katika maingiliano yao. Boti za watalii zilipokuwepo, kundi lililokuwa likipumzika au likicheza lilikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuendelea na jambo hilo. Kwa jumla, sehemu ya muda uliotumika kula, kupumzika na kushirikiana ilipungua, na sehemu iliyotumika kusafiri iliongezeka zaidi ya mara mbili.

Kusafiri hapa maana yake ni kuhama. Pomboo anayehama anatumia nguvu; pomboo anayekula anaingiza nguvu; pomboo anayepumzika anaihifadhi. Ukimwongezea matumizi na ukampunguzia mapato na akiba, kila mzazi anayeendesha nyumba anajua mwisho wa hesabu hiyo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007 na Stensland na Berggren, uliwatazama majike peke yao. Uligundua kwamba boti na waogeleaji walipowazunguka, mwendo wao wa kunyooka uligeuka kuwa wa kuyumbayumba, mara huku mara kule, kama mtu anayetafuta mlango katika chumba kilichojaa watu. Kwa mama anayenyonyesha hili ni jambo zito. Mtoto mchanga wa pomboo huogelea akiwa ameambatana na ubavu wa mama yake ili abebwe na mkondo wa maji unaofanywa na mwili wa mama. Mama anapolazimika kugeuka ghafla mara kwa mara, mtoto naye hugeuka, na maziwa husubiri.

Wataalamu wetu wenyewe, akina Omar Amir na Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, nao wameandika juu ya pomboo hawa, juu ya matembezi ya Kizimkazi na nafasi ya wanakijiji ndani yake, na juu ya pomboo wanaonaswa kwa bahati mbaya katika nyavu za wavuvi. Hilo la nyavu tunalitaja kwa makusudi. Pomboo wa kusini mwa Unguja hawana tatizo moja. Wavu huua mara moja. Boti haiui, ila huchosha. Na aliyechoka huwa mwepesi kushindwa na lile linaloua.

Wageni wa mzazi

Msomaji anaweza kuuliza: boti yangu itakaa nusu saa tu, nitawadhuru vipi? Tumpe mfano wa nyumbani. Mama amejifungua, na yumo ndani ya arobaini yake. Jirani anakuja kumpongeza. Anakaa robo saa, anambeba mtoto, anaondoka. Ni wema. Akitoka yeye anaingia shangazi, kisha wenzake wa kazini, kisha mawifi, kisha majirani wa mtaa wa pili. Hakuna hata mmoja aliyekaa muda mrefu, wala hakuna aliyekuja kwa ubaya. Lakini jua linapotua, mzazi hajalala, mtoto hajanyonya vizuri, na chakula kimepoa katika sinia. Ukimuuliza kila mgeni, atasema kwa ukweli kabisa kwamba yeye alikaa robo saa tu.

Hivyo ndivyo ilivyo asubuhi ya Kizimkazi wakati wa msimu wenye wageni wengi. Nahodha mmoja akiwaona pomboo, boti nyingine huziona boti zilizokusanyika na kuelekea huko huko. Kila abiria anahesabu muda wa boti yake mwenyewe. Pomboo anahesabu boti zote.

"Wameshazoea"

Kuna neno husemwa sana na watembezaji, nalo ni kwamba pomboo wameshawazoea watu. Neno hilo lilipimwa mbali na kwetu, katika Shark Bay, Australia Magharibi, na jibu lake linafaa kusikilizwa na sisi.

Huko Lars Bejder na wenzake walilinganisha sehemu mbili jirani za bahari: moja ikitembelewa na boti za kuwatazama pomboo, nyingine haitembelewi. Walikuwa na kumbukumbu za miaka mingi, tangu wakati hapakuwa na kampuni hata moja ya matembezi, ikaja moja, kisha zikawa mbili. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006, kampuni zilipoongezeka kutoka moja hadi mbili, wingi wa pomboo katika sehemu ya matembezi ulipungua kwa asilimia 14.9, yaani karibu mmoja katika kila saba. Katika sehemu isiyotembelewa hapakuwa na upungufu wa namna hiyo.

Jambo la kushangaza zaidi ni hili: watafiti walipozikaribia boti kwa makundi ya pande zote mbili kwa kipimo kile kile, pomboo wa sehemu ya matembezi ndio walioonyesha mshtuko mdogo zaidi. Mtu aliyefika siku moja angesema, "Tazama, hawa wamezoea." Kumbukumbu za miaka zilieleza vingine. Maelezo yanayokubaliana nazo ni kwamba wale wasioweza kuvumilia walikuwa wamekwisha kuondoka, na waliobaki ndio wenye uvumilivu. Ni kama kuingia katika mtaa wenye kelele za usiku, ukawauliza waliobaki kama kelele zinawasumbua. Waliosumbuka walihama zamani.

Serikali ya huko haikufunga matembezi. Ilipunguza leseni kutoka mbili hadi moja. Uamuzi ulifanywa kwa sababu palikuwa na kumbukumbu za kuutegemea, na hili ndilo fungu kubwa la faida ya utafiti: huondoa ugomvi wa maneno na kuleta mezani kitu cha kupimwa.

Nchi kavu nako

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya baharini. Katika Maasai Mara, Kenya, mtafiti Femke Broekhuis aliwafuatilia duma majike na watoto wao, akachapisha matokeo mwaka 2018. Katika maeneo yenye watalii wachache, kila uzao ulifikisha wastani wa watoto 2.32 hadi wakaweza kujitegemea. Katika maeneo yenye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.21. Maana yake ni kwamba huko kwenye magari mengi, kwa kila mizao kumi walipona watoto wawili tu. Duma huwinda mchana, na huwinda kwa macho na kwa mbio. Magari yanayomzunguka yanaweza kumvurugia mawindo, na mama mwenye njaa hukosa cha kuwapa wanawe.

Mapitio ya tafiti 274 za ulimwengu mzima, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 93 ya tafiti hizo zilikuta angalau athari moja ya matembezi ya binadamu kwa wanyama, na athari nyingi, asilimia 59, zilikuwa mbaya. Liko pia jambo linaloipinga dhana ya wengi: athari mbaya zilithibitishwa mara nyingi zaidi katika matembezi yasiyotumia injini kuliko katika yale yenye injini. Mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na mwenye mtumbwi wa kasia naye ni mgeni, hata akiwa kimya. Basi asiwepo katika sisi wa kusema kwamba kwa kuwa hatupandi boti ya mashine, habari hizi hazituhusu.

Nahodha yuko kati

Ni rahisi kumlaumu nahodha. Yeye ndiye anayeshika usukani, na yeye ndiye anayewakatisha pomboo njia. Lakini tumtazame kwa insafu. Amekodiwa na watu waliolipa ili wawaone pomboo kwa karibu, na wengine wamelipa ili waruke majini waogelee nao. Akizima mashine na kusubiri mbali, boti ya jirani itasogea, na abiria wake watanung'unika kwamba wenzao wameona na wao hawakuona. Kesho wageni watamchagua yule aliyesogea. Katika hali hiyo, mwenye adabu ndiye anayepata hasara, na mkosefu ndiye anayezawadiwa.

Tatizo la namna hii haliponywi kwa kumhubiria nahodha mmoja mmoja. Linaponywa kwa kanuni inayowabana wote kwa pamoja, ili anayesubiri asipoteze riziki yake: idadi ya boti zinazoruhusiwa karibu na kundi moja, muda wa kila boti, na saa za siku ambazo pomboo wanaachwa peke yao kabisa. Wanaopaswa kukaa kitako juu ya hilo ni manahodha wenyewe, wazee wa vijiji, wasimamizi wa hifadhi na wenye hoteli wanaowapeleka wageni.

Hata hivyo, yuko mtu wa tano ambaye hualikwa mara chache katika kikao hicho, naye ana nguvu kuliko anavyodhani. Huyo ni abiria. Nahodha hukimbiza pomboo kwa kuwa anaamini abiria ndivyo anavyotaka. Abiria akisema mapema kwamba hataki, amemwondolea nahodha mzigo.

Familia ifanye nini

Tunawashauri wazazi na walimu wa madrasa wanaopanga safari wazungumze na nahodha kabla ya kukubaliana bei, wakiwa bado nchi kavu. Maneno yenyewe ni mepesi: "Kaka nahodha, sisi tutafurahi kuwaona hata kwa mbali. Usiwakimbize kwa ajili yetu." Maneno hayo yakisemwa ufukweni husikika, yakisemwa baharini, mashine ikiwa inanguruma na watoto wanapiga kelele, hupotea.

Mkifika majini, boti iende taratibu na ilikaribie kundi kwa ubavuni, isitokee mbele yao wala isiwafuate kwa nyuma kama inayowinda. Isipite katikati ya kundi, maana kufanya hivyo kunaweza kumtenga mtoto na mama yake. Mkikuta boti nyingine zimekwisha kuwazunguka, bakini mbali au nendeni mahali pengine kwanza. Miamba na samaki wake nayo ni maonyesho. Pomboo wakibadili njia mara moja, mara mbili, wamekwisha kujibu, tuwaache. Wakija wenyewe kucheza mbele ya boti, hiyo ni hiari yao, na furaha yake ni kubwa zaidi.

Kuhusu kuruka majini, maoni yetu ni kwamba familia iache, hasa pakiwa na watoto wa pomboo. Wageni kumi wakitumbukia mbele ya mama anayenyonyesha, kwake hiyo si ziara. Na mkono usinyooshwe kumgusa mnyama hata akiwa karibu.

Kuna mengine madogo ya ufukweni ambayo watoto wetu huyafanya bila kujua. Kiti cha pweza hutolewa majini, hushikwa kwa ajili ya picha na kupitishwa mkono kwa mkono, ilhali yeye huvuta pumzi yake ndani ya maji. Matumbawe hukanyagwa wakati wa maji kupwa, na kipande kinachovunjika kwa hatua moja kilichukua miaka kukua. Taa na mioto mikubwa ya usiku katika fukwe wanakotaga kasa huwapoteza watoto wa kasa wanaototolewa, kwa kuwa wao huitafuta bahari kwa kufuata mwanga. Hakuna katika haya linalomtaka mtoto asicheze. Yanamtaka acheze akijua yuko katika nyumba ya nani.

Daftari la mtoto

Tunamaliza kwa pendekezo moja kwa walimu na wazazi. Watakaosafiri Idi hii wachukue madaftari machache na penseli. Mmeketi katika boti, mashine imezimwa, mmoja wa wakubwa ashike saa. Kila baada ya dakika tatu watoto waandike neno moja tu: wanapumzika, wanakula, wanacheza au wanakwenda. Pembeni waandike idadi ya boti zilizopo. Nusu saa ikiisha watakuwa na mistari kumi, na mistari hiyo ni mfano mdogo wa kazi ile ile waliyoifanya watafiti katika maji hayo hayo.

Daftari hilo lina faida mbili. Humtuliza mtoto, kwa kuwa mwenye kazi ya kuandika hapigi kelele. Na humfundisha kumtazama kiumbe kwa ajili ya kumjua, si kwa ajili ya kumpata. Walimu wanaopenda watuletee madaftari hayo baada ya Sikukuu. Tutayasoma pamoja na wenzetu wa kamati, na yale yaliyoandikwa kwa uangalifu tutawapelekea wasimamizi wa hifadhi ya Menai pamoja na barua yetu ya kuomba idadi ya boti iwekewe mpaka. Barua ya watu wazima huwekwa katika faili. Pengine barua iliyoambatana na mistari kumi ya mtoto wa darasa la nne, wenye neno "wanakwenda" mara nane na "wanapumzika" mara moja, itasomwa.